MIONZI INAYOPIGA PICHA CHUMA



Karibu na kijiji ninachofanyia kazi linalazwa bomba kubwa la chuma. Mafundi huunganisha vipande vya bomba hilo kwa kuchomelea. Usiku mmoja wanakijiji walisikia king'ora. Wakaona taa nyekundu inawaka na kuzima. Mafundi walikuwa wamezungusha kamba yenye alama za njano, na wamewaondoa watu wote waliokuwa karibu. Kisha pakawa kimya. Baada ya dakika chache king'ora kililia tena, na mafundi wakahamia kiungo kingine.

Asubuhi benchi la zahanati lilijaa. Hakuna aliyekuwa na homa. Watu walikuja na maswali.

Mama mmoja mwenye mimba ya miezi sita aliniuliza, "Mganga, usiku wamepiga mionzi. Mtoto wangu je?" Nyumba yake iko kama nusu kilometa kutoka bombani.

Nilimwamkia mzee aliyemfuata. Aliitikia, akasema mbuzi wake wawili walipita chini ya kamba. Alitaka kujua kama nyama yao inalika.

Wa tatu alikuwa kijana anayenunua na kuuza vyuma chakavu. Yeye hakuwa na hofu. Alikuwa amesikia kwamba ndani ya kisanduku cha mafundi kuna madini ghali kuliko dhahabu. Aliuliza kama ni kweli. Swali hilo ndilo lililonitisha.

Mimi nina cheti cha kutibu katika zahanati. Chuoni tulisoma kidogo tu juu ya picha za mifupa. Picha za chuma hatukusoma kabisa. Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi mkuu wa picha, nikamwomba anieleze. Halafu nilitafuta vitabu. Leo nawaeleza niliyojifunza.

CHUMA KINAPIGWAJE PICHA?

Fundi anapochomelea bomba, nje huweza kuonekana pazuri na ndani pakawa na ufa au tundu. Bomba la gesi au mafuta likiwa na ufa huweza kupasuka na kuua watu. Jicho halioni ndani ya chuma. Ndiyo maana mafundi hutumia mionzi. Njia nyingine ni kupima kwa sauti kali ambayo sikio la mtu haliisikii, lakini leo tuzungumze juu ya mionzi.

Mionzi hutoka upande mmoja wa chuma. Filamu hufungwa upande wa pili. Penye chuma kizima mionzi michache hupita. Penye tundu mionzi mingi zaidi hupita, na filamu hapo huwa nyeusi zaidi. Fundi akiitazama filamu hiyo mbele ya taa, anauona ufa kama daktari anavyouona mfupa uliovunjika.

Mionzi ya hospitali hutoka kwenye mashine ya umeme. Ukizima umeme, mionzi imekwisha. Ziko pia mashine za namna hiyo za kupiga picha chuma. Lakini kazi nyingi za porini hutumia kidonge cha madini kiitwacho iridiamu. Kidonge hiki hakina swichi. Kinatoa mionzi mchana na usiku, mvua na jua, mtu akiwepo au asiwepo. Kukizuia ni kukifungia ndani ya chombo kizito tu.

Fundi alinionyesha chombo hicho kwa mbali. Wanakiita kamera. Ni kidogo kama kisanduku cha chakula, lakini mtu mzima hukibeba kwa taabu kwa sababu ya uzito wa madini yanayozuia mionzi. Kidonge chenyewe ni milimita chache tu, hakizidi punje ya mtama kwa mbali. Kimefungiwa kwenye ncha ya kimnyororo kifupi kama kidole. Wakati wa picha fundi husimama mbali na kuzungusha mkono wa chuma. Waya ulio ndani ya mpira, mfano wa waya wa breki ya baiskeli, husukuma kidonge nje ya kamera mpaka kwenye bomba. Picha ikiisha, fundi huzungusha kinyume na kidonge hurudi.

Hatari huanza pale kidonge kisiporudi. Kimnyororo huweza kukatika au kufunguka. Fundi mwenye kipimo chake atajua mara moja, maana kipimo kitaendelea kulia. Fundi asiyetumia kipimo ataondoka na chombo kitupu, na kidonge kitabaki majanini.

WINGI WA MIONZI

Washa karabai ukumbini. Kaa karibu nayo usome gazeti hili. Sasa rudi nyuma hatua kumi. Herufi huzioni tena. Karabai haikupungua mafuta. Wewe ndiye uliyesogea.

Fikiri mwanga umefunika mkeka mmoja ulio mita 1 kutoka kwenye taa. Ukienda mita 2, mwanga uleule sasa umetanuka. Umetanuka kwa upana na kwa urefu pia, hivyo unafunika mikeka 4. Kila mkeka umepata robo. Ukienda mita 3, ni mikeka 9. Ukienda mita 10, ni mikeka 100, na kila mmoja unapata sehemu 1 tu kati ya 100. Mionzi ya kidonge hufuata kanuni hiyohiyo.

Mama mwenye mimba alikuwa mita 500. Mionzi ambayo ingemfikia huko, hata pasingekuwa na kilima wala kuta za nyumba, ni sehemu 1 kati ya 250,000 ya ile iliyopo mita 1 kutoka kwenye kidonge. Na picha ilichukua dakika chache. Nilimwambia asiwe na hofu, aendelee na kliniki yake na vidonge vyake vya damu. Alicheka, maana vidonge hivyo ndivyo anavyovikwepa.

Lakini hesabu hii ina upande wa pili. Watu wengi hukumbuka kwamba kwenda mbali kunapunguza, wakasahau kwamba kukaribia kunaongeza kwa kasi ileile. Kutoka mita 1 mpaka sentimita 10, mionzi huongezeka mara 100. Kutoka mita 1 mpaka sentimita 1, huongezeka mara 10,000. Mfuko wa suruali uko chini ya sentimita 1 kutoka kwenye paja.

Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa milisiveti, kama mafuta yanavyopimwa kwa lita. Kwa mtu wa kawaida kama wewe na mimi, kazi za namna hii hazitakiwi kumpa zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka. Chukua kidonge kilichopotea nchini Peru mwaka 1999, ambacho nitakieleza mbele. Mtu akisimama mita 1 kutoka kwenye kidonge cha ukali ule, kiasi cha mwaka mzima humwingia kwa sekunde 20 hivi. Akisimama mita 10, ni zaidi ya nusu saa. Akisimama mita 100, ni zaidi ya siku mbili usiku na mchana. Basi ile kamba ya mafundi si ubishi wala majivuno. Ni hesabu.

NGUVU YA KUPENYA

Wingi na nguvu si kitu kimoja. Mimi mwenyewe nilivichanganya mpaka fundi aliponipa mfano wa watoto.

Watoto mia wamesimama mbele ya uzio wa mabua, wanarusha kokoto kwa mkono. Kokoto ni nyingi, lakini uzio unazizuia karibu zote. Akija kijana mmoja na manati, kokoto yake moja inatoboa na kupita. Watoto wale wana wingi. Kijana yule ana nguvu.

Mionzi nayo ni hivyo. Kila madini yana nguvu yake, na nguvu hiyo haibadiliki. Kobalti hutoa mionzi yenye nguvu kama mara tatu ya ile ya iridiamu. Chuma kinene sana hupigwa picha kwa kobalti. Bomba la unene wa kawaida hupigwa kwa iridiamu. Ukitumia nguvu kubwa mno kwenye chuma chembamba, mionzi hupita kila mahali kwa urahisi na ufa hauonekani vizuri.

Kwa sababu hiyo kinga nayo hutofautiana. Bamba la madini ya risasi lenye unene wa milimita 12 hivi hupunguza mionzi ya kobalti ibaki nusu. Kwa iridiamu bamba la nusu ya unene huo latosha kupunguza nusu. Ongeza bamba la pili, inabaki robo. La tatu, inabaki sehemu moja ya nane. Ukifika mabamba kumi, hupita kama sehemu 1 kati ya 1,000. Haifiki sifuri kabisa, lakini inakuwa ndogo sana. Ukuta wetu wa udongo si bamba la risasi, wala mlango wa mbao. Nguo nayo haizuii chochote.

Jambo moja huwadanganya watu. Iridiamu huchakaa haraka. Baada ya siku 74 hubaki nusu ya wingi wa mionzi yake. Baada ya siku 74 nyingine hubaki robo. Baada ya mwaka hubaki kama sehemu 3 katika 100. Lakini kinachopungua ni idadi ya kokoto tu. Manati ni yaleyale. Kila mwonzi unaotoka bado unapenya chuma kama siku ya kwanza. Kwa hiyo fundi mwenye kidonge kilichozeeka hupiga picha ileile kwa muda mrefu zaidi. Na kidonge kilichokaa majanini miezi mitatu bado kinaua.

MIONZI INAYORUKA PEMBENI

Hapa ndipo watu werevu hukosea. Husema, "Mimi nitasimama nyuma ya ukuta. Mionzi huenda moja kwa moja, haikati kona."

Ni kweli mwonzi huenda moja kwa moja, mpaka ukutane na kitu. Usiku chukua tochi, ielekeze kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Hukujimulika wewe, lakini uso wako unaonekana. Mwanga umegonga ukuta na kutawanyika. Mionzi ya kidonge nayo hugonga bomba, ardhi, ukuta na hata hewa, na sehemu yake huruka kila upande. Huo ndio mtawanyiko. Mwonzi uliogonga na kupinda hupoteza sehemu ya nguvu zake. Umechoka kidogo, lakini haujafa.

Mtawanyiko huharibu picha kwanza. Filamu inatakiwa ipokee mionzi iliyopita kwenye chuma tu. Ikipokea pia ile iliyoruka kutoka ardhini nyuma yake, hufifia, na ufa mwembamba hufichika. Kwa hiyo mafundi huweka bamba la risasi nyuma ya filamu. Tena hubandika herufi B iliyokatwa kwenye risasi mgongoni mwa filamu. Filamu ikisafishwa na B nyeupe ikaonekana, wanajua mionzi imerudi kutoka nyuma, na kinga ya nyuma haikutosha. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Herufi moja inamwambia fundi kwamba kazi yake imeharibika! Wanakisomo wenzangu, msidharau herufi moja.

Pili, mtawanyiko huwafikia watu. Kidonge kikizungushiwa kuta nne bila paa, mionzi hupanda juu, hugonga hewa, na mingine hushuka nje ya kuta. Mtu aliyeketi nje akidhani amekingwa huipokea. Mafundi wazuri hufunika kidonge kwa kofia ya madini mazito yenye tundu upande mmoja, ili mionzi ielekee kwenye kiungo tu. Hata hivyo hupima kuzunguka kamba yote, si upande wa mbele peke yake.

Je, mionzi iliyotawanyika hubaki kwenye majani au maji? Hapana. Ukizima karabai, ukuta hauhifadhi mwanga. Mionzi ya kidonge kizima hupita au huishia pale ilipogonga. Kidonge kikirudi kwenye kamera, hakuna kilichobaki kisimani wala shambani. Nyama ya mbuzi wa mzee inalika, na hivyo ndivyo nilivyomjibu. Aliridhika, ingawa aliniambia hakuwa na nia ya kuwachinja.

Ni tofauti kidonge au chombo kikipasuliwa na unga wake kumwagika. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu waliokusanya vyuma chakavu walivunja chombo cha mionzi kilichoachwa kwenye jengo la hospitali. Unga wake ulisambaa majumbani. Watu 4 walikufa.

WATU WALIOOKOTA

Sasa narudi kwa kijana wa vyuma. Nilimweleza habari za watu watatu.

Mwaka 1984, karibu na mji wa Mohammedia nchini Moroko, kituo cha umeme kilikuwa kinajengwa. Kidonge cha iridiamu kilianguka. Mtu alikiokota, akaenda nacho nyumbani. Watu 8 walikufa, wengi wao wa familia moja. Mwanzoni ilidhaniwa wamekula sumu.

Tarehe 20 Februari 1999, fundi wa kuchomelea katika kituo cha umeme wa maji cha Yanango nchini Peru aliona kimnyororo chini. Alikitia mfuko wa nyuma wa suruali, akaendelea na kazi. Baada ya saa kadhaa paja lilimuuma. Alikwenda nacho nyumbani, ambako walikuwa mkewe na watoto. Mganga aliyemwona alidhani ameumwa na mdudu. Usiku huohuo watu wa kazini walifika kukitafuta kidonge. Kwa paja lake ilikuwa wamechelewa. Mguu wa kulia ulikatwa mwaka huohuo.

Habari ya tatu ni ya mkulima. Tarehe 5 Mei 2000, katika kijiji cha Meet Halfa nchini Misri, mkulima aliokota kitu cha chuma kinachong'aa. Kilikuwa kimeachwa na watu waliokagua viungo vya bomba. Alidhani ni madini ya thamani, akakiweka nyumbani. Watu wa nyumba hiyo walikishika na kukitazama. Ngozi zao zikaanza kuharibika. Waganga walidhani ni ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza. Mtoto wake wa kiume wa miaka 9 alikufa mwezi Juni. Baba mwenyewe alikufa mwezi huohuo. Watu 5 wengine wa nyumba ile waliugua. Kidonge kilitolewa tarehe 26 Juni, baada ya wiki saba.

Kijana aliuliza, "Kwa nini hakukitupa kilipomchoma?"

Kwa sababu hakikumchoma. Kidonge si cha moto. Hakina harufu, hakitoi sauti. Ngozi huwa nyekundu baada ya siku, pengine wiki, kisha hutoka malengelenge na kidonda kisichopona. Aliyepata mionzi mingi mwili mzima hutapika saa chache baadaye, hupata nafuu ya uongo, halafu nywele hunyonyoka, damu hupungua na homa huingia. Wakati huo amekwisha kusahau habari ya chuma alichookota.

Nasema kweli: yule mganga wa Peru simcheki. Ningekuwa mimi, ningesema ni mdudu pia. Hapa nimewahi kutibu kijana mwenye jeraha pajani. Nilimpaka dawa, nikamuuliza kama ni moto, akasema ni cheche za kuchomelea. Ilikuwa kweli, naye alipona. Lakini sikumuuliza jambo jingine lolote. Siku hizi mtu akija na kidonda cha moto asioukumbuka, au watu wawili wa nyumba moja wakiwa na vidonda vya namna moja, nauliza, "Je, kuna chuma kigeni nyumbani?" Nimeliandika swali hilo kwenye karatasi juu ya meza yangu.

UKIONA KIMNYORORO

Ukiona kitu cha chuma kidogo kama hicho karibu na mahali mafundi walipofanya kazi, usikiokote. Usikisukume kwa mguu wala kukifukia. Usikitie kwenye ndoo kwenda kukionyesha ofisini. Ondoka upesi, maana kila sekunde ya karibu ina hesabu yake. Rudi hatua hamsini au zaidi, wazuie watoto na mifugo, na mtume mtu kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au polisi. Wao wataipasha habari Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo kwa sheria ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia vitu hivi. Kama umekishika, sema hivyo zahanati. Hutaambukiza mtu, wala hakuna atakayekukamata kwa kusema.

Jifunze pia alama. Ya kwanza ni ya njano yenye mapanga matatu meusi kama feni. Ya pili, iliyoanza mwaka 2007, ni pembetatu nyekundu yenye mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Hiyo hata asiyejua kusoma anaielewa.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ana lundo la vyuma nyuma ya nyumba yake, na vingine vilitoka upande wa bomba. Nilikwenda naye kwa fundi mkuu siku ileile. Fundi alichukua kipimo, akaja. Alikipitisha polepole juu ya lundo, akazunguka upande wa pili, akainama. Mke wa kijana alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakusema neno. Kipimo kilitoa mlio mmoja mmoja, kama kinavyotoa mahali popote duniani, kwa kuwa hata udongo na anga vina mionzi yake kidogo. Fundi alikizima akasema lundo ni safi. Kijana aliviuza vyuma vyake Jumamosi.